Pikapu ya zamani na injini inayolia barabara kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki kuna dereva anayesimamisha pikapu mbele ya gereji hapa Arua, anashuka masikio yakimvuma, na kunieleza jambo lilelile: "Fundi, injini imelia njia nzima kutoka Karuma." Wengi wana Hilux za miaka ya 80 na 90 zenye dizeli ya 2L au 3L (hayo ni majina ya injini, si lita). Wengine wana Datsun, Isuzu, au Land Rover waliyoachiwa na mzee wao. Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15, kwa hiyo pikapu za umri huu hazitaongezeka nchini. Hizi tulizo nazo inabidi tuzitunze, na mimi nasikitika kila ninapoona moja imeharibiwa na mtu aliyetaka kuisaidia. Ndiyo maana nimeandika hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayotoa mtu akiwa amesimama mbele yangu.

Mizunguko mingapi ya injini ndiyo mingi mno?

Inategemea injini. Dizeli za 2L na 3L za Toyota hutoa mvuto wao mkubwa kabisa karibu na mizunguko 2,400 kwa dakika. Hapo ndipo zinapovuta vizuri na kupumua vizuri. Kwa hiyo ukiwa kwenye mwendo wa 80 na injini iko 2,400, gari lako halina ugonjwa, hata kama kelele inakuchosha. Ukiwa 80 na injini iko karibu 2,900, hiyo ni kazi inayovumilika ila ni ya kuchosha kwa safari ndefu. Ukikaa saa nzima juu ya 3,500 ili tu upate 100, hapo nakubali kuna jambo la kutengeneza, au mguu wa kuinua.

Injini ya petroli hupenda mizunguko zaidi ya dizeli. Usichukue hesabu ya jirani mwenye petroli ukaiweka kwenye dizeli yako.

Pikapu yangu haina mshale wa mizunguko. Nitajuaje?

Zile za kazi nyingi hazina. Chukua chaki na tepu ya kupimia. Hakikisha matairi yana upepo sahihi na gari lina mzigo wake wa kawaida, kwa sababu tairi lililobanwa na mzigo halitembei sawa na lile lililo wazi. Chora alama chini kabisa ya tairi la nyuma na nyingine sakafuni, sukuma gari polepole mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali uliotembea. Tairi la 205R16 hutembea karibu mita 2.25.

Sasa hesabu. Zidisha mwendo wako kwa 16.67, upate mita unazokwenda kwa dakika. Gawanya kwa urefu uliopima. Zidisha kwa namba ya difu, yaani mara ngapi propela (shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye ekseli) inazunguka gurudumu likizunguka mara moja, halafu kwa namba ya gia. Katika giaboksi nyingi za pikapu hizi gia ya nne ni 1, yaani shafti inaingia na kutoka kwa kasi moja, na gia ya tano ni karibu 0.85.

Tuseme uko 80, tairi ni hilo la mita 2.25, difu ni ya 4.875. Gia ya nne itakupa mizunguko karibu 2,890, na ya tano karibu 2,455. Ukienda 100 kwa gia ya tano, utafika karibu 3,070. Fanya hesabu hii kabla ya kuongea na fundi yeyote, mimi nikiwemo. Mtu mwenye namba mkononi hauziwi kitu asichohitaji.

Namba ya difu naipataje?

Chini ya boneti kuna bamba lenye msimbo wa giaboksi na ekseli, na muuza spea mzoefu anaweza kuusoma. Lakini gari la miaka 30 limepita kwenye mikono mingi, na difu iliyomo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani. Mimi huamini zaidi kuhesabu.

Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma yote, weka stendi imara pande zote mbili (jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini), gia iwe huru na breki ya mkono imeachiwa. Weka alama kwenye propela. Watu wawili wazungushe magurudumu yote mawili kwa pamoja, kuelekea upande uleule, mara 10 kamili, nawe uhesabu propela. Ikizunguka mara 41, difu yako ni 4.1. Mara 43 ni 4.3. Mara 45 na nusu ni 4.556, na karibu 49 ni 4.875. Hizo nne ndizo utakazokutana nazo mara nyingi kwenye Hilux. Ukiwa peke yako, acha gurudumu moja lisimame chini na uzungushe lile lililo juu mara 20, jibu litakuwa lilelile. Usizungushe mara moja tu na kukadiria, kwa sababu 4.1 na 4.3 hazitofautiki kwa macho.

Kabla ya kutoa pesa, niangalie nini?

Angalia kama unachokisikia ni mizunguko kweli. Mara nyingi si mizunguko. Feni ya injini ambayo kifaa chake cha kuachia kimeshikana huzunguka muda wote kwa kasi ya injini na kuvuma kama upepo wa mvua. Bomba la moshi lililotoboka karibu na injini hulia ndani ya kabini. Raba za kubeba injini zikishakufa, mtikisiko wote unaingia kwenye bodi na kwenye kiti chako. Matairi ya matope yenye meno makubwa huimba kwenye lami, na raba za milango zilizokauka hufungulia kila sauti mlango. Nimewahi kumrudisha mtu nyumbani na raba mbili mpya za injini na sailensa iliyochomelewa, akaniambia gari limekuwa jingine, na mizunguko ilikuwa ileile.

Halafu angalia klachi. Ukiwa gia ya tano kwenye 60, kanyaga mafuta kwa nguvu. Kama injini inapanda kabla gari halijaongeza mwendo, klachi inateleza, na hakuna difu itakayokuponya.

Fundi mmoja ameniambia atapunguza mizunguko kwa kurekebisha pampu ya dizeli. Ni kweli?

Hapana. Kati ya injini na gurudumu kuna meno ya chuma. Ukiwa gia fulani na mwendo fulani, mizunguko ni hiyohiyo, pampu iwe imefunguliwa au imefungwa. Atakachofanya ni kuinyima injini mafuta isiweze kufika juu, na siku utakapohitaji kupita lori utajuta.

Nikiweka matairi makubwa?

Hii ndiyo njia ya haraka, na kwa kiasi kidogo si mbaya. Ukitoka 205R16 kwenda 7.00R16, kipenyo kinaongezeka kwa karibu asilimia 6. Kwenye mfano wetu wa gia ya tano na mwendo wa 80, injini inashuka kutoka 2,455 hadi karibu 2,315. Tairi hilo ni jembamba, gumu, linabeba mzigo vizuri na linapita kwenye murramu bila malalamiko. Kama matairi yako yamekwisha na ulikuwa ununue mengine kwa vyovyote, ni jambo la kufikiria.

Lakini jua unachokilipa. Breki zilezile sasa zinashika gurudumu refu zaidi, kwa hiyo gari linasimama kwa shida zaidi. Gia ya kwanza inakuwa nzito kidogo. Tairi linaweza kugusa bodi au chesi ukikata kona yote, hasa gari likiwa limezama kwenye springi, kwa hiyo jaribu kukata kona zote mbili likiwa na mzigo kabla hujaondoka dukani. Na ukivuka asilimia 6 hizo, ukaweka matairi mapana ya fahari, tairi lenyewe ni zito na pana, linakula mafuta uliyodhani utayaokoa. Mimi sipendi matairi hayo kwenye gari la kazi.

Kubadilisha difu kunasaidia kiasi gani?

Kunasaidia sana kwenye karatasi. Kutoka 4.875 kwenda 4.1 unapunguza mizunguko kwa asilimia 16 katika kila gia. Kwenye 80, gia ya tano inashuka kutoka 2,455 hadi karibu 2,065. Kwenye 100, unatoka 3,070 na kuwa karibu 2,580.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya hivyo kwenye Hilux yangu mwenyewe, 3L ya gia tano. Safari ya kwanza, tupu, kutoka Arua Park Kampala hadi Karuma, nilifurahi kiasi cha kuwapigia watu simu nilipoegesha. Kabini ilikuwa kimya, tuliweza kuongea. Wiki iliyofuata nilipakia samaki wakavu kutoka Panyimur, nikaanza kupanda kutoka Pakwach kuelekea Nebbi. Pakwach iko kando ya Nile, kati ya mita 600 na 700 juu ya usawa wa bahari, na Arua iko karibu mita 1,200, kwa hiyo ni njia inayopanda. Gia ya tano ilikataa mara moja. Ya nne ikashika kwa shida, kisha nikashuka hadi ya tatu na moshi mweusi nyuma yangu. Mshale wa joto ulipanda nikasimama mara mbili. Sokoni, kwenye matope, nilipokuwa nikirudi nyuma na mzigo, klachi ilinuka.

Usiku ule nilikaa na kalamu, na hesabu ikanifungua macho. Gia ya tano ya 0.85 mara difu ya 4.875 ni 4.14. Gia ya nne ya 1 mara difu ya 4.1 ni 4.1. Yaani gia yangu ya nne mpya ilikuwa ndiyo gia ya tano ya zamani! Nilikuwa nimejinunulia gia moja ya juu ambayo gari likiwa na mzigo haliwezi kuigusa, na nimelipa kwa kuipunguzia nguvu gia ya kwanza na ya kurudi nyuma kwa karibu asilimia 16. Nilirudisha difu ya zamani mwezi uleule.

Simaanishi kwamba difu ya 4.1 ni mbaya. Kwa mtu ambaye pikapu yake hubeba watu wawili na mizigo midogo kati ya Kampala na Masaka, inafaa. Kwa mwenye gia nne, ambayo haina gia ya tano ya kukimbilia, inaweza kumbadilishia maisha: 80 itashuka kutoka 2,890 hadi karibu 2,430, palepale injini inapopapenda. Kwa mwenye gia tano na mzigo, ningemshauri asishuke chini ya 4.556, kama kweli anataka kubadilisha. Hiyo itamweka karibu 2,295 kwenye 80, na bado atapanda.

Gari langu ni la magurudumu manne. Naweza kubadilisha difu ya nyuma peke yake?

Usithubutu. Kwenye pikapu hizi, ukiingiza mbele, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inaifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Difu zikiwa na namba tofauti, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mmoja na ya nyuma mwingine. Kwenye matope yatateleza na hutagundua haraka. Kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika, na mara nyingi ni transfa. Badilisha zote mbili, au acha zote mbili. Mtu anayekuuzia ya nyuma tu na kukuambia "usiingize mbele" anakuuzia gari la magurudumu mawili kwa bei ya manne, na utakayemuuzia baadaye hatajua.

Je, giaboksi ya gia tano badala ya gia nne?

Kama gari lako ni la gia nne na unabeba mzigo, hili ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote. Sababu ni ileile ya kwenye karatasi: gia tano na difu yako ya zamani inakupa mizunguko karibu sawa na gia nne na difu ya 4.1, lakini difu yako ya kuvutia mzigo inabaki pale pale. Ukifika mlimani unashuka hadi ya nne na gari ni lilelile unalolijua.

Kazi yenyewe ni kubwa zaidi ya kubadilisha difu, sitakuficha. Nyumba ya klachi lazima ikubaliane na injini yako, kwa sababu familia ya injini za L haifungwi sawa na familia za petroli. Meno ya shafti ya kuingilia lazima yaoane na sahani ya klachi. Giaboksi ya gia tano mara nyingi ni ndefu zaidi, kwa hiyo propela inakatwa na kusawazishwa upya, na kusawazisha ni kwa mashine. Propela iliyochomelewa kwa jicho itatikisika ukifika 70 na kuua beringi. Kishikio cha giaboksi kwenye chesi husogezwa. Wenzo wa gia unaweza kutokea mahali pengine, sakafu ikakatwa. Waya wa spidomita na swichi ya taa ya kurudi nyuma navyo vinahitaji kuangaliwa.

Njia rahisi ni kupata gari zima lililopata ajali, la injini ileile, na kuchukua giaboksi pamoja na propela, kishikio, klachi na wenzo wake. Vipande vilivyozaliwa pamoja haviulizi maswali mengi. Ukinunua giaboksi peke yake kisha ukaanza kutafuta kilichobaki kimoja kimoja, gari litakaa juu ya mawe miezi mitatu, nimeyaona hayo mara nyingi.

Nina Land Rover ya zamani. Ushauri ni huohuo?

Land Rover za Series zina difu ya 4.7, na Range Rover na Defender zina ya 3.54, na watu huzihamisha. Hiyo inapunguza mizunguko kwa robo nzima, na kwa dizeli ile ya zamani ya 2.25 ni nyingi mno. Itakwenda kwenye tambarare ya Nakasongola na kukwama kwenye kila kilima. Kwa petroli inavumilika zaidi kama gari haliko kazini.

Kitu kizuri kwa Series ni ovadraivu (gia ya ziada ya juu) ya Fairey, iliyotengenezwa Uingereza, inayofungwa nyuma ya transfa. Inapunguza mizunguko kwa karibu asilimia 22, na uzuri wake ni kwamba unaiingiza na kuitoa ukiwa unaendesha. Ukiwa na mzigo mlimani, unaitoa na gari linarudi kuwa lile la zamani. Ukipata iliyo nzima, isiyolia na isiyovuja, nunua.

Nimeona Wamarekani wakiweka difu za 3.08 kwenye pikapu za zamani na kufurahi. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Kwa sababu chini ya boneti zao kuna V8 ya lita 5 au zaidi. Chevrolet C10 yenye V8 ya lita 5.7 inaweza kuvuta difu ya 3.08 ikiwa chini ya 2,000 bila kuhema. Dizeli yetu ya lita 2.8 haina turbo na ina mvuto wa karibu nusu tu ya ule. Ushauri wao ni sahihi kwa magari yao. Ukiuleta hapa jinsi ulivyo, unaua injini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: urefu wa nchi yetu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Kampala na Arua ziko karibu mita 1,200, kwa hiyo asilimia 12 imeshaondoka kabla hujapakia gunia. Kabale iko juu ya mita 1,800. Mtu wa huko, na vilima vile, simwekei difu ya namba ndogo hata akiniomba.

Nitajuaje kama nimeshusha mizunguko mno?

Injini itakuambia, ukiisikiliza. Ukiwa gia ya juu kwenye mwinuko mdogo na ukakanyaga mafuta, gari likatetemeka badala ya kuongeza mwendo, hiyo ni injini inayolemewa. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua, na ni pesa yako inayopaa. Joto linapanda kwa sababu pampu ya maji na feni vinazunguka polepole wakati moto ndani ni mkali. Presha ya oili nayo iko chini, na kila mlipuko unapiga beringi kwa nguvu kwenye oili nyembamba.

Ndiyo maana narudia neno hili kwa kila mteja: dizeli iliyo 2,600 na inavuta kwa wepesi inaishi muda mrefu kuliko iliyo 1,500 inayosukumwa kwa mguu wote. Mizunguko michache ukiwa umelemewa mzigo si mapumziko. Kwa 2L na 3L zenye mzigo, sitaki kuona chini ya 2,000 kwenye gia ya juu.

Nitaokoa mafuta kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotarajia kutokana na gia, na zaidi kutokana na mguu. Nguvu ya upepo inayosukuma gari nyuma huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 100 na kwenda 80, upepo unapungua kwa asilimia 36, na pikapu yenye turubai au keji ya kuku nyuma ina kifua kikubwa mbele ya upepo. Hakuna difu itakayokupa hiyo.

Kwenye njia yetu hata haraka yenyewe inakupa muda mchache. Kuanzia Bombo, Wobulenzi, Luwero, hadi Kigumba na Bweyale, kila kituo cha biashara kina matuta. Karuma kuna nyani barabarani, na kati ya Karuma na Pakwach unapita kando ya hifadhi ya Murchison Falls ambako tembo huvuka usiku. Mimi naenda 80, na 75 nikiwa na mzigo. Wanaonipita Luwero nawakuta mara nyingi wamesimama Kafu wakinunua mihogo.

Spidomita itaonyesha sawa?

Haitaonyesha sawa, na hili ni la hatari. Spidomita inachukua mwendo wake kwenye shafti ya kutokea ya giaboksi au transfa, kabla ya difu. Ukitoka 4.875 kwenda 4.1, ikionyesha 80 wewe kwa kweli uko 95. Ikionyesha 50 katikati ya mji uko karibu 60, na mtoto anayevuka barabara hajui habari za difu yako. Ukiweka 7.00R16, ikionyesha 80 uko karibu 85.

Dawa yake ni kigurudumu kidogo cha plastiki chenye meno, kilicho mwisho wa waya wa spidomita. Vipo vya meno tofauti. Kama hupati kinacholingana, linganisha na simu yenye ramani ya setilaiti ukiwa barabara iliyonyooka, abiria ndiye asome, kisha weka alama ya rangi kwenye kioo cha spidomita mahali penye 50 na 80 ya kweli. Mwachie na atakayenunua gari habari hiyo.

Yangu ni otomatiki.

Tazama kama taa ya O/D OFF inawaka. Ikiwaka, gia ya juu imefungwa, bonyeza kitufe kwenye wenzo. Kama haiwaki na bado mizunguko ni mingi, angalia oili ya giaboksi, kiwango chake na harufu yake, kabla ya jambo jingine lolote.

Nikienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kununua difu, niangalie nini?

Chukua ya zamani uende nayo, au angalau picha zake na idadi ya meno ya ekseli. Kwenye Hilux nyingi kichwa cha difu ya nyuma kinatoka kizima mbele ya nyumba yake, kwa hiyo nunua kichwa kizima, si krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo za ndani ya difu) peke yake. Kufunga krauni na pinioni kunahitaji saa ya kupimia nafasi kati ya meno, kubana beringi za pinioni kwa kiasi chake, na rangi ya kuona meno yanagusana wapi. Mafundi wanaojua wapo, lakini ni wachache, na asiyejua atakuambia anajua.

Hesabu meno mwenyewe: krauni ya 41 na pinioni ya 10 ni 4.1, ya 41 na 9 ni 4.556, ya 39 na 8 ni 4.875. Usikubali pinioni ya seti moja na krauni ya seti nyingine, hata kama meno yanahesabika sawa, kwa sababu yalisagwa pamoja kiwandani kama mke na mume. Pitisha kucha kwenye kila jino kutafuta mashimo. Rangi ya bluu maana yake difu iliwahi kukauka oili ikaungua. Shika pinioni uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Hakikisha matundu ya kufungia propela yanalingana na ya kwako.

Nikishafunga, nifanye nini?

Safisha nyumba ya difu ndani kwa dizeli na kitambaa, mpaka pasibaki unga wa chuma wa ile ya zamani. Weka oili ya GL-5, 80W-90 au ile kitabu chako kinayotaka, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa. Oili hiyohiyo usiimimine kwenye giaboksi bila kuangalia kitabu, kwa kuwa GL-5 nyingine hula ringi za shaba za kubadilishia gia.

Kama meno ni mapya, nenda kilomita 30 tupu, simama, gusa difu kwa mkono. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuacha mkono, kuna kilichobanwa mno. Ikiwa vuguvugu, iache ipoe kabisa ndipo uendelee. Kwa kilomita 500 usipakie mzigo mzito na usivute gari jingine, kisha mwaga oili uweke mpya. Difu ya mtumba haihitaji hayo yote, ila oili mpya na kukaza tena nati za propela baada ya siku mbili.

Sikiliza. Ikilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, meno hayajakaana, na hayatajirekebisha yenyewe barabarani. Rudi kwa aliyeifunga siku hiyohiyo, kabla hujapakia.